Tairi Lenye Kifua cha Dume

Mimi ni dalali wa ng'ombe kwenye mnada wa Bariadi. Nikimtazama dume mara moja najua kama atalima au atamaliza tu majani. Angalau ndivyo nilivyokuwa nikijisifu, mpaka nilipomleta nyumbani yule maksai mwekundu. Mke wangu Scola alimtazama akasema, "Baba Mayige, huyu anachechemea." Nikamjibu kwamba ule ni mwendo wa maringo. Siku ya kulima, maksai alilala katikati ya shamba na maringo yake yote. Scola akafunga nguo zake akaenda kwao, upande wa Lalago. Alimwachia dada yangu Shida ujumbe mfupi: atarudi siku atakapoona nimesikia neno la mtu, hata moja.

Nyumba ikapoa. Nikawa naunguza ugali na sina wa kumlaumu. Kusema kweli, nilimkumbuka mke wangu mpaka nikawa nazungumza na sufuria. Nikaamua kumfuata, ila pikipiki yangu, ile ya ringi za spoku, matairi yalikuwa vipara vitupu.

Dukani kwa Benedikta, pale mjini, nilifanya kazi kwa namna ninayoijua. Nilibonyeza matairi kwa dole gumba. Nikarudi nyuma, nikainamisha kichwa, nikayatazama kwa jicho moja. Nikamwomba alibingirishe moja mpaka mlangoni na kulirudisha, nione linavyotembea.

"Shemeji, unanunua tairi au ng'ombe?" akauliza.

Nikachagua mapana kuliko yote, yenye meno makubwa na kifua cha dume. Benedikta akauliza naelekea wapi. Nilipomwambia, akatikisa kichwa.

"Huko ni mbuga tupu, na mvua imeshaanza. Ule udongo mweusi unanata. Tairi pana litajaza matope kwenye madigadi, hilo bati la juu ya gurudumu, mpaka ligome kuzunguka. Chukua haya membamba."

Nikamwambia hayo membamba yamekonda, yana njaa. Sikio la kufa halisikii dawa, na langu lilikuwa limeshachimbiwa kaburi.

Kwenye lami nilijiona mkuu wa mkoa, na shati langu jeupe. Nilipoiacha lami na kuingia njia ya kwa wakwe, gurudumu la mbele lilizunguka kidogo, likazunguka kwa shida, likasimama. Matope yalikuwa yamejaa kati ya tairi na madigadi, yakaziba hata spoku. Nikachokonoa kwa kijiti, nikasogea, likagoma tena. Nilikuwa nimenunua maksai mwingine.

Nikiwa nimepiga magoti, nikainua macho. Mama mkwe huyo, anakuja na jembe begani, anatoka shamba kurudi nyumbani.

Kwetu Wasukuma, hasa kwa watu wa umri wake, mkwe hakutani na mama mkwe uso kwa uso, sembuse kupiga naye soga. Unampisha njia. Nikaiacha pikipiki, nikaruka shambani, nikachuchumaa nikiwa nimempa mgongo. Mtu mzima, dalali anayejulikana, nimejificha nyuma ya miche ya pamba inayonifika magotini.

Nyayo zikasimama.

"Mwadila, pikipiki," mama mkwe akasalimia. Akangoja kidogo, kana kwamba ingeitikia. "Huku kwetu vijana wanafungua hilo bati la mbele, wanalibeba mgongoni. Mwambie mwenye wewe, kama huwa anasikia."

Akaenda zake.

Nilitaka kubisha. Hoja ninazo siku zote. Lakini mama mkwe siruhusiwi kuzungumza naye, na pikipiki haikuwa imesema kitu. Nikatoa spana, nikafungua madigadi, nikaifunga mgongoni kwa mpira. Gurudumu likazunguka vizuri kabisa. Matope yaliyokuwa yakiishia kwenye madigadi sasa yakawa yananijia usoni, na shati jeupe likawa habari ya zamani.

Nilipofika, Scola alikuwa uani anapepeta choroko. Mama mkwe alishatangulia. Nilisikia akikohoa jikoni. Scola akanitazama mimi, akaitazama pikipiki, akalitazama bati mgongoni mwangu.

"Nani alikwambia ufungue madigadi?"

Nikabanwa. Nikisema nilijua mwenyewe, mke nimempoteza. Nikisema ni mama, nimekiri kwamba tumezungumza, na aibu hiyo ingenitangulia mpaka Malampaka.

"Iliyoambiwa ni pikipiki," nikasema. "Mimi nilikuwa karibu, nikasikia."

Jikoni mtu akapaliwa na kicheko. Scola hakucheka. Aliweka ungo chini, akaingia ndani, na mimi nikabaki nimesimama na matope yangu, naogopa kama sijawahi kuogopa. Kisha akatoka na begi lake, akalifunga nyuma ya kiti cha pikipiki.

"Tukirudi, tunaanzia kwa Benedikta," akasema. "Matairi nachagua mimi. Wewe utayabingirisha."