Neno la Kupindapinda

Kazi yangu ni kutafsiri kamusi, na neno lililonitoa jasho ni "anfractuous", kivumishi cha Kiingereza ambacho hata wenye lugha yao hawakijui. Hutumika kwa njia, mfereji au hata hoja yenye kona nyingi. Nikaandika "-liyopinda", nikatuma. Mhariri, mtu wa kutaka kila kazi iwe imekwisha tangu jana, akanipigia simu.

"Dada, hata msumari hupinda. Hili linataka kona juu ya kona."

"Basi pindapinda."

"Hapo sasa!"

Nikaliandika. Papo hapo Mama akaita kutoka chumba cha mwisho. Tangu avunjike nyonga hasimami, na ana pumu.

"Mwanangu, kifua kinabana! Dawa!"

Dawa yake ya kuvuta ilikuwa juu ya meza yangu. Nikaichukua, nikatoka. Korido yetu imenyooka. Nikiwa kwenye kiti changu huuona mlango wake. Siku hiyo ilikata kushoto, ikakata kulia, kuta zikiwa na rangi ileile ya krimu tuliyoipaka wenyewe. Nikapita kona baada ya kona, nikatokea mezani kwangu.

Nilirudi mbio. Sauti ya Mama ilikuja mara mbele, mara nyuma, na kila ilipokuja ilikuwa imefifia zaidi. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Nilipotokea mezani tena, macho yakaangukia lile neno kwenye kompyuta. Nikalifuta, nikaandika "-liyonyooka". Uongo mtupu, mhariri na anune akitaka.

Korido ikanyooka. Nikakimbia.

Mama alikuwa anapumua vizuri.

"Mbona umerudi?" akauliza. "Si umenipa dawa sasa hivi? Na mikono yako ilikuwa baridi ajabu!"

Alikuwa ameishika dawa. Na mimi nilikuwa nimeishika yangu.

Simu ikalia kule mezani. Nikageuka. Mwisho wa korido mwanamke aliyevaa gauni langu aliipokea, akajibu kwa sauti yangu.

"Naam, kaka. Hata pindapinda halitoshi. Nimepata bora zaidi. Andika hivi: njia isiyotokea popote."

Akaanza kuandika. Ukuta wa kushoto ukasogea, korido ikaanza kuziba. Nafasi ya mtu mmoja kupita mbio bado ilikuwepo, na miguu yangu ilikuwa mizima.

"Nani huyo anaongea?" Mama akauliza.

"Mhariri tu, Mama."

Nikakaa kitandani kwake, nikamshika mkono.