Kiapo Kwenye Kaseti

Protas aliikariri Marekani yote kabla haijamuuliza swali hata moja. Azimio la Uhuru alilijua tangu mstari wa kwanza, utangulizi wa Katiba alikuwa nao kichwani, na ile hotuba fupi ya Lincoln pale Gettysburg aliijua mpaka mahali pa kuvuta pumzi. Hiyo ndiyo aliyoipenda kuliko zote, kwa sababu ilisemwa makaburini, na mtu wa Rombo anaelewa uzito wa maneno yanayosemwa makaburini. Shuleni kwao mtihani ukikaribia ulimeza kitabu kizima, halafu ukasimama wima mbele ya mwalimu na kukitoa chote. Kwamba huku mambo ni mepesi zaidi hakuna aliyemwambia. Erick, rafiki yake wa miaka mingi, alikuwa amehamia Texas, na huku Richfield, alikokaa Protas, majirani walilifahamu gari lake kuliko yeye.

Alikuwa na miaka arobaini na sita, mpimaji wa maji ya mto katika maabara ya serikali, na kitindamimba. Hilo la mwisho ndilo lililomnyima raha. Kwa Wachaga kitindamimba ndiye anayebaki na mama kwenye kihamba, lile shamba la migomba na kahawa lililozunguka nyumba na kaburi la baba. Wakubwa wanaondoka, yeye anabaki. Protas aliondoka mwaka 1980 kwa masomo ya miaka miwili, na miwili hiyo ikazaa kumi na sita, nenda urudi mara tatu tu, na mama akawa anazeeka peke yake.

Kwa hiyo alipanga hivi: atakuwa raia, kwa sababu raia anaruhusiwa kumleta mzazi wake. Chumba cha pili kilikuwa tayari na kitanda, godoro likiwa bado ndani ya nailoni yake. Mama mwenyewe hakuwa ameulizwa. Mwanamume wa kwao hamuulizi mama yake kama anataka nyumba. Anajenga, halafu anamwonyesha mlango.

Siku ya usaili, Machi 1996, ofisa aliyempata alikuwa mama mmoja mwenye mafua. Alimuuliza ni andiko gani lililotangaza uhuru wa nchi hii. Protas akasimama, akafunga kifungo cha koti, akataja jina lake na kuanza kulisoma lenyewe kutoka kichwani. Ofisa alimwacha afike kwenye binadamu wote kuumbwa sawa, kisha akapenga kamasi.

"Kaa tu, bwana," alisema. "Jina lingetosha."

Dakika kumi na mbili, akawa amefaulu. Alipewa karatasi yenye maneno ya kiapo na tarehe ya kuapa, Mei, ukumbini Saint Paul. Kazi ya miezi minane, na hakupatikana hata mtu mmoja wa kuisikiliza mpaka mwisho. Alipokuwa akitoka aliona kwenye kona ya chumba cha kungojea isale moja ndani ya chungu cha plastiki, majani marefu ya kijani, mtu kachomeka vichungi vya sigara kwenye udongo wake. Kwao isale ni mpaka wa kihamba na alama ya kaburi. Ukimkosea mtu ukampelekea jani lake, hana ruhusa ya kukunyima msamaha. Hapa lilikuwa pambo. Alicheka peke yake, akatoka.

Jumamosi alikaa mezani na redio kaseti yake. Barua kati yake na mama ilikuwa hivyo siku zote, kaseti inayobebwa na msafiri, na safari hii msafiri alikuwa Geofrey, mwanafunzi mwenyeji wa Moshi aliyekuwa akienda nyumbani kuposa. Protas alibonyeza kitufe akamweleza mama kila kitu: uraia, chumba, godoro, ndege. Kisha, kwa tabia yake ya kutoruka kitu, akaona amsomee na kiapo atakachoapa. Alianza kukigeuza kwa Kichaga, maneno yakamshinda, akahamia Kiswahili.

"Ninaukana kabisa, bila kubakiza chochote, utii wangu kwa nchi yoyote ya kigeni ambayo mpaka leo nimekuwa raia wake..."

Akaisimamisha kaseti. Kwa Kiingereza alikuwa ameshayakariri haya, yakapita kooni kama uji. Sasa aliyasikia. Nchi ya kigeni iliyotajwa pale ni ile yenye mama yake. Alijua pia kwamba kwao hawakubali uraia wa nchi mbili. Ukichukua wa pili, wa kwanza umeutupa. Aliona aibu ya mtu mzima, ile inayopanda mpaka masikioni, lakini hakufuta.

Jumatatu aliomba ruhusa kazini akarudi kule kwenye ofisi ya wahamiaji. Alimwambia mlinzi amesahau kitu. Alikwenda moja kwa moja kwenye chungu, akakata jani moja, akalificha ndani ya koti kama mwizi wa kuku. Jioni akampa Geofrey kaseti na jani vikiwa kwenye bahasha moja.

"Hili nalo, kaka Protas?" Geofrey aliuliza.

"Mama atajua."

Geofrey alirudi wiki ya kwanza ya Mei, mchumba kapatikana, na kaseti ya mama mfukoni. Protas aliiweka kwenye redio kabla hata ya kuvua viatu.

"Mwanangu Protas," alisema mama, polepole, kama aliyekaa mbele ya padri. "Jani limefika, limekauka kidogo. Limeshapokelewa. Sina kinyongo. Kama kiapo hicho ndicho chakula chako huko, apa. Ila mimi siji. Baba yako amelala hapa, nikiondoka nani atamfagilia? Godoro mpe mwenye shida. Ukija nitakupokea. Nimemaliza."

Lakini kaseti iliendelea kuzunguka. Kule nyumbani walikuwa wamesahau kuizima redio. Protas alisikia kuku, ndoo ikitua, ufagio ukipita uani. Alisikia shemeji yake Dativa, mjane wa kaka yake anayekaa kihamba cha jirani, mwenye hiyo redio, akiuliza kama ndizi ziwekwe motoni. Alivuta kiti karibu na kusikiliza kila kishindo. Kisha sauti ya mama, ya kawaida sasa, si ile ya padri.

"Dativa. Huyu akishaapa, siku nikifa, itabidi aombe ruhusa ya kuja?"

"Ataomba viza, mama. Kama wageni wote."

"Inachukua siku ngapi?"

Ufagio ukaendelea mpaka upande ule wa kaseti ulipokwisha, na Protas alilia palepale kwenye kiti, viatu miguuni.

Siku ya kiapo alikwenda Saint Paul akiwa na tai. Ukumbi ulijaa watu na jamaa zao, maua, kamera, watoto wenye vibendera. Hakimu alipowaambia wasimame, Protas alisimama na wengine. Alikuwa anayajua maneno yote. Wengine walishika vikaratasi. Akachukua koti lake, akapita mbele ya magoti ya watu, akielekea mlangoni.

"Ndiyo kwanza wanaanza," alinong'ona bibi aliyekuwa akigawa vibendera.

"Ninajua, mama. Samahani."

Alirudi Richfield. Alijua alichokipoteza: mama haji, wala yeye hana tena sababu ya kujipa kwa nini yuko hapa. Alikaa mezani, akaweka kaseti mpya, akabonyeza.

"Mama, ulimuuliza Dativa siku ngapi. Hakuna hata moja. Sikuapa. Nitakuja kama mtu wa kwenu."

Mkono ulikwenda kwenye kitufe, ukarudi. Aliiacha izunguke. Ndege ilipita juu ya paa, friji ikanguruma ikatulia, bomba la jikoni likadondosha matone yake, na kwa dakika thelathini hakuna mtu aliyebisha hodi wala kuita jina lake. Mama alipaswa kuyasikia na hayo.