Mlango wa Mwaka 2150

Bi Barke alikuwa mtu wa kukataa kwanza, kufikiri baadaye. Mjukuu wake, Mwanabibi, alipomwomba aende shuleni kutazama michoro ya wanafunzi, alikataa huku akiendelea kupepeta mchele. Alipoambiwa ni michoro ya mpakani, akakataa tena, safari hii bila kuinua uso.

Mwanabibi hakushangaa. Bibi yake alizaliwa visiwa vya kaskazini, ng'ambo ya mpaka wa Somalia, akaolewa Malindi. Nduguye wa pekee, Mwanamkuu, alibaki kule. Mwanamkuu alipofariki, Bi Barke alisafiri hadi Kiunga, akaambiwa mpaka umefungwa, na maziko yakapita yeye hayupo. Tangu siku hiyo, mpaka ukitajwa nyumbani kwao, bibi huinuka akaenda zake jikoni. Na Mwanabibi, kwa ujinga au kwa mapenzi, alikuwa amemtengenezea mlango wa kuvukia.

Kazi ilianzishwa na Mwalimu Kahindi, mtu wa Kakuyuni aliyependa hadithi za mashine na nyota kuliko kusahihisha madaftari. Aliunganisha shule mbili, ya kwao Malindi na nyingine ya huko karibu na mpaka, wachore pamoja maisha ya watu wa mpakani mwaka 2150. Kitambaa kirefu kilisafiri kwa basi. Shule moja ilichora, nyingine ikaendeleza pale ilipoachiwa, na hakuna aliyeruhusiwa kufuta cha mwenzake. Watoto wa Malindi, kwa maringo ya watu wa mjini, walichora vyombo vya kuruka angani. Kitambaa kiliporudi, kila chombo kilikuwa kimefungwa mitungi ya maji, na punda wa chuma alikuwa akivipanga foleni. Darasa zima lilicheka hadi machozi.

Wazo la mlango lilikuwa la Mwanabibi. Mwaka 2150, alisema, mpakani hapatakuwa na kizuizi wala karatasi. Patakuwa na milango inayosikia. Utapiga hodi kama unavyopiga kwa jirani, ukiitikiwa, umevuka. Usipoitikiwa mara tatu, unarudi bila kinyongo. Mwenzake Krupali, ambaye babake anauza vifaa vya umeme mjini, akaomba nyaya na spika dukani, akazifunga mwenyewe kwenye mlango wa kweli waliousimamisha ukumbini, kitambaa kikiwa ukuta wake. Juu ya mlango aliweka kijicho cha umeme: kikiona mtu amesimama mbele yake, na mtu huyo akapiga hodi, sauti iliyorekodiwa inajibu "karibu". Wanafunzi waliujaribu mmoja mmoja, na hakuna aliyekosa kukaribishwa.

Siku ya maonyesho, Bi Barke alitokea ukumbini na buibui lake la kwendea harusini.

"Nimekuja kwa ajili yako," alimwambia mjukuu. "Huo mpaka wenu sina haja nao."

Lakini alizunguka kitambaa chote taratibu, na kwa yule punda alisimama kitambo, akitabasamu. Alipofika mlangoni, Mwanabibi akamweleza desturi yake. Bi Barke akavua viatu. Kisha akasimama kando ya mlango, bega ukutani, mwanya kaupa kisogo.

"Hodi."

Mlango ukanyamaza. Kijicho kilitazama mbele, na mbele hapakuwa na mtu.

"Bibi, sogea hapa katikati," Mwanabibi alinong'ona.

"Nisimame katikati nichungulie ndani ya nyumba ya watu? Nani kakufunza hayo?" Akageuka ukutani. "Hodi!"

Kimya. Krupali alikuwa amepiga magoti akivuta nyaya, jasho likimtoka, asijue pa kushika. Mwanabibi alifungua kinywa aitikie yeye, akakifunga. Yeye naye alikuwa nje. Aliye nje hamkaribishi mtu. Amemleta bibi yake mwenyewe kurudishwa mpakani mara ya pili, tena mbele ya watu.

"Hodi," alisema Bi Barke mara ya tatu, kwa sauti ndogo. Alisubiri, kisha akainama kuchukua viatu vyake.

"Karibu, bibi! Karibu, pita ndani!"

Haikuwa spika. Nyuma ya kitambaa alikaa Hafswa, mmoja wa wanafunzi waliokuja na mwalimu wao kutoka ile shule ya mpakani, aliyepewa kazi ya kulinda taa za upande ule. Lafudhi yake ilikuwa ile ile ya watu wa visiwani, ambayo Bi Barke huitoa akiwa na hasira tu.

Bi Barke aliacha viatu. Akaingia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mtoto wa nani wewe?"

"Wa Shee Bwanaheri. Kwetu Kiunga."

"Kiunga," bibi akarudia. "Ahsante, mwanangu. Ahsante kwa kuniitikia."

Huku nje Mwanabibi alilia waziwazi, wala hakujali nani anamwona. Alimshukuru Mungu, akamkumbatia Krupali na nyaya zake zilizogoma, akamshukuru mtoto wa watu aliyemjua kwa michoro tu hadi wiki ile. Kisha akapangusa uso, akashika mlango aingie.

"Wewe!" Bi Barke alipaza sauti kutoka upande wa pili. "Ndiyo adabu hiyo? Piga hodi, nikukaribishe."