Ubeti wa Maji

Chai aliileta juu ya paa bibi mwenyewe, nyanya yake Prabesh kiongozi wa bendi. Vijana wa bendi waliwekewa kwenye glasi. Jasmaya na kaka yake Tularam wakapewa vikombe vya karatasi, vile vya kunywea mara moja na kutupa.

Jasmaya alikitazama kikombe, kisha akamtazama kaka yake. Tularam alikuwa ameshaanza kunywa.

"Kunywa, itapoa," alimwambia kwa sauti ya chini.

"Umeona tulivyowekewa?"

"Nimeona chai."

Walikuwa wametoka Pokhara alfajiri ya jana yake kuja Kathmandu. Wao ni Wagandharba, tabaka la waimbaji, ambao babu zao walizunguka nyumba kwa nyumba na sarangi, fidla yao ndogo, begani. Watu walizipenda nyimbo zao, ila jikoni hawakuwaruhusu kukanyaga. Zamani za mfalme, Tularam aliuimba redioni wimbo mmoja wa mama yao, ukaenea nchi nzima. Sasa bendi ya roki ya Prabesh ilikuwa imeurudia kwa magitaa na ngoma, na vijana walikuwa wakiuimba kila harusi. Kituo kimoja cha redio kikawaalika wote mchana ule: kitapiga wimbo wa Tularam, kitapiga wa bendi, halafu wasikilizaji wapige simu waseme upi mzuri. Prabesh, kijana mwenye adabu na nywele za mabegani, akasema wazee wapitie kwanza nyumbani kwao wafahamiane.

"Mama, wetu umeshausikia vizuri?" Prabesh alimuuliza Jasmaya. "Si kwenye simu. Kwenye spika."

Akauwasha. Ngoma zilianza kama mawe yanayoporomoka mlimani, gitaa likalia juu yake. Jasmaya alitaka kuuchukia, akashindwa. Kwenye rekodi ya Tularam sarangi huenda polepole, kama mtu mwenye mzigo anayepanda kilima, na sauti inaomba. Huyu kijana hakuomba. Alidai. Mama yao naye alikuwa akiimba hivyo, kwa kudai, na Jasmaya hakuwa ameisikia sauti ya namna hiyo tangu amzike. Alisubiri ubeti wa tatu.

Haukuja. Ulikuja mwingine, wa mvua na msichana aliyelowana.

"Huyu msichana ametoka wapi?" aliuliza wimbo ulipokwisha.

Vijana walicheka. Prabesh akasema, "Wimbo ulikuwa na beti mbili tu, mama, ukawa mfupi. Unataja maji, basi tukaongeza mvua. Tumeujaza kidogo."

"Mlijaza wapi? Pale pana ubeti."

"Jasmaya," alisema Tularam.

"Pana ubeti wa maji. Mama aliutunga siku aliyoimba kwenye harusi ya watu wa tabaka la juu kutwa nzima, akiwa na mimba yangu, akaomba maji. Walimmiminia kutoka juu, yeye amekinga viganja. Mtungi ukamgusa kidole. Wakasema maji yamenajisika, wakayamwaga yote mbele yake. Wimbo mzima umetungwa kwa ajili ya ubeti ule, na nyinyi mmeweka msichana aliyelowana."

Kicheko kilikatika. Mpiga ngoma, binti aliyeitwa Nirjala, aliweka glasi yake chini.

"Hatukuujua," alisema Prabesh. "Kweli, mama. Tulifuata rekodi ya mzee."

"Rekodi waliikata watu wa redio. Kaka waambie. Waambie walivyokukata."

Tularam alikuwa akikizungusha kikombe chake. Prabesh aliwatazama wote wawili, akasema taratibu, kama mtu asiyejua anachokanyaga, "Lakini mzee nilimuuliza kwenye simu. Alisema hakukatwa kitu. Aliimba hivyo hivyo."

Jasmaya alimgeukia kaka yake. Miaka yote aliwalaani watu wa redio. Aliwalaani akiosha vyombo, aliwalaani kwenye mazishi ya mama yao, aliwafundisha wanawe kuwalaani.

"Kaka."

"Hakuna aliyenikataza," alisema Tularam. "Nyuma ya kioo cha studio alikaa mkubwa mmoja, wa tabaka la juu. Alinichekea, akanikaribisha vizuri. Nikawaza, nikiuimba ule ubeti hatanichekea tena. Nikauruka."

"Ukauruka."

"Nilikuwa kijana."

"Mama alikuwa hai. Alikaa pale uani ameweka sikio kwenye redio ya jirani. Ulimwambia wamekukata, akakupa pole. Alikupikia kuku, Tularam."

Hakuwahi kumwita jina tupu maishani mwake. Tularam aliinamisha kichwa.

Prabesh, akidhani anatuliza mambo, alisema, "Mama, hayo ya matabaka yamekwisha siku hizi. Sisi hapa hatuna ubaguzi."

Jasmaya alichukua kikombe chake cha karatasi, kimejaa vilevile, akakiweka katikati, penye glasi zao. Prabesh alivitazama vyombo vile kimoja kimoja, uso ukamwiva mpaka masikioni.

Hapo Jasmaya alisimama akauimba ubeti. Hakuwa na sauti nzuri, hakuwahi kuwa nayo. Aliimba kwa nguvu, huku uso wake ukielekea ngazini, chini walipokuwa watu wa nyumba:

*Wanimiminia toka juu, viganja nimekinga,*
*kidole kimegusa, maji umeyamwaga;*
*wimbo wangu u ndani kwako, haukubisha hodi,*
*mwenye wimbo mbona wamwacha mlangoni?*

Chini mlango ulifungwa kwa kishindo. Bibi alimwita mjukuu wake, mara ya kwanza kwa upole, ya pili kwa ukali.

"Tutauingiza," alisema Prabesh, sauti imeshuka. "Ila mama, si leo. Bibi yangu husikiliza kipindi kile. Tutarekodi upya baadaye, kwa utaratibu."

"Kaka yangu naye alimwogopa mtu wa nyuma ya kioo. Sasa wewe ni yeye, umeongeza gitaa tu. Leo, au ufute wimbo wa mama yangu usiuimbe tena."

"Mimi nitampigia ngoma leo," alisema Nirjala kutoka nyuma. "Wewe, Prabesh, fanya unavyojua."

Kule redioni mtangazaji alizipiga nyimbo zote mbili, akachangamka, akamuuliza Tularam kwanza: "Haya mzee, upi mzuri?"

Tularam akasema, "Zote mbili zina upungufu. Wangu niliupunguza mimi kwa woga. Hawa vijana walirithi shimo langu, wakalifukia kwa takataka. Dada yangu anao mzima." Akashika sarangi.

Jasmaya aliuimba wote. Nirjala alimfuata kwa ngoma, akimwachia nafasi ya kupumua, na kwenye ubeti wa maji Prabesh alivuta gitaa lake akaingia, kwa kuchelewa, akikosea, lakini akaingia.

Simu zililia mpaka kipindi kikaisha. Mpigaji mmoja alilia. Wengi walitukana, wakasema wanaleta chuki kwenye burudani. Mama mmoja aliyepiga kutoka Gorkha aliomba arudiwe ubeti ili aushike. Upi mzuri, hakuna aliyesema. Bendi walirekodi upya mwezi uleule, Jasmaya akiimba ubeti wake, na Prabesh alihama kutoka kwa bibi yake kwa sababu nyumba haikukalika tena.

Lakini kesho yake baada ya kipindi Jasmaya na kaka yake walirudi Pokhara wakiwa viti vya mbali mbali, yeye mbele, Tularam nyuma kabisa. Basi liliposimama njiani, Mugling, ili abiria wapate kula, Tularam alibeba sahani yake ya wali na dengu akaja kukaa mbele yake.

"Niliwaambia ukweli mbele ya nchi nzima," alisema.

"Nilikusikia."

"Na bado umekasirika?"

"Wewe uliniacha nikawalaani watu wasio na kosa. Mama amekufa akiwalaani. Bado nimekasirika."

"Mpaka lini?"

Jasmaya alimsogezea pilipili, kwa sababu alijua hawezi kula wali bila pilipili.

"Kula," alisema. "Basi linaondoka."