Kiti cha Kurudi Kutoka Mahame

Redio ilipotangaza kwamba nchi ya Mahame itaanza kupokea watalii, Edina alikuwa uani kwa bintiye Lea, mtaa wa Nzuguni, Dodoma, anapeta mchele wa Bahi. Aliweka ungo chini, akaongeza sauti, akasikiliza mpaka yalipoingia matangazo ya vifo. Kisha akaendelea kupeta, maana mchele ulikuwa na pumba nyingi, na Lea alikuwa karibu kurudi kutoka bungeni na njaa yake.

Mahame si mbali. Ukishapita majaruba ya mpunga ya Bahi, ukaelekea magharibi hadi pale ambapo ng'ombe hukataa kusonga mbele, umefika mpakani. Mwaka ule watu walipoondolewa kwenye makazi yao ya zamani na kupelekwa vijiji vipya kwa malori, wapo waliobaki. Baadhi yao hawakutaka kupanda, na wengi hawakupata nafasi. Nyumba zao za tembe hazikubomoka kama ilivyotarajiwa. Baada ya muda pakawekwa kamba ya kuzuia njia, baadaye ikaja bendera, na huku nje watu wakazoea. Wenyeji wa Bahi walikuwa wakiona moshi ukipanda upande ule asubuhi na jioni, wakasema tu kwamba wa Mahame wanapika.

Lea alipofika, habari alikuwa nayo. Wenzake wa ofisi ya Bunge walikuwa wameshafungua kundi la WhatsApp la safari, na walichokuwa wakingoja ni mkutano wa Bunge uahirishwe.

"Rukia wa masijala anasema picha za jioni kule hazina mfano," alisema huku akivua viatu mlangoni. "Twende, mama? Likizo yangu ya mwaka imelala tu."

"Twende," Edina alisema, haraka kuliko ilivyo desturi yake.

Lea hakushangaa. Alijua kwamba mama yake alizaliwa upande ule, na kwamba bibi yake, Ruthu, aliachwa huko. Habari yenyewe ilikuwa fupi. Edina alikuwa na miaka saba, kitinda mimba. Lori lilipojaa, bwana mkubwa aliyesimamia uhamisho alisema wazee na watoto kwanza, wenye nguvu zao washuke wangoje lori la pili. Ruthu alikuwa na miaka arobaini na mitano. Hakuwa mtoto na hakuwa mzee, kwa hiyo alishuka. Lori la pili halikuletwa. Baba yake Edina alirudi kwa miguu kumfuata mkewe, akaikuta kamba imeshafungwa.

Tangu hapo Edina hakujua aishi vipi na jambo hilo. Hakuwa amefiwa, basi hakuweza kulia kama aliyefiwa. Mchungaji wao wa zamani alimtaja Ruthu katika maombi ya wafu mara moja, Jumapili iliyofuata akamtaja katika maombi ya wasafiri, mwishowe akaacha kumtaja kabisa. Hilo lilimuuma Edina kuliko yote, na linamuuma hata sasa.

Ofisi ya safari ilikuwa Barabara ya Nane, na mwenye ofisi alikuwa Anifa, mwanamke wa mjini hapo ambaye ukoo wake ulifika Dodoma na misafara ya biashara na haukuondoka tena. Kazi yake ilikuwa kupeleka watu Umra. Mahame aliiongeza juzi, na tayari ilikuwa imebandikwa ukutani, chini ya picha ya Makka.

"Shikamoo, mama yangu. Karibu uketi."

"Marahaba."

Lea alikuwa bado nje anatafuta pa kuegesha gari. Anifa alimweleza Edina masharti. Wageni wasivae saa. Wasiwape wenyeji kalenda, hata ikiwa na picha nzuri. Wasimwulize mtu umri wake, maana kule hakuna aliyezeeka tangu malori yaondoke.

"Halafu liko moja hawana mchezo nalo," aliendelea. "Gari likiingia na watu watatu, litoke na watu watatu. Majina hawana haja nayo, wanahesabu vichwa."

Edina akauliza: "Kwa hiyo mmoja akibaki, wa kule anaweza kupanda badala yake?"

"Nimewauliza hilo hilo. Wakasema hawana neno, mradi vichwa vitimie." Anifa alimtazama usoni, akaelewa, akasogeza kiti chake karibu. "Una mtu kule?"

"Mama yangu."

"Basi Mungu akufanyie wepesi," Anifa alisema. Lea alipoingia, waliongea habari za kofia na mafuta ya jua.

Edina alikata shauri palepale kwenye kiti cha plastiki. Atakayerudi Nzuguni ni mama yake. Yeye amekula maisha, amezaa, ameona wajukuu, amekuwa kiongozi wa kwaya, si haba. Ruthu alikatiwa katikati.

Maandalizi yalichukua muda wote uliobaki wa vikao. Lea alinunua kofia ya ukingo mpana na betri ya kuchajia simu. Edina alimpa jirani yake Priska kuku wake wote, pamoja na jogoo aliyempenda, akasema anakwenda safari. Alirudisha sare ya kwaya. Alifua mashuka yake, akayapiga pasi, akatandika kitanda chake kwa ajili ya mtu ambaye hajawahi kulalia godoro. Alisaga mlenda mkavu wa kutosha, akauweka mahali ambapo mgeni ataufikia bila kuuliza. Wajukuu aliwafundisha kwamba akija mama mmoja pale nyumbani, wamwamkie shikamoo bibi, hata wakimwona ni kijana. Watoto wakakubali, kwa kuwa bibi yao alikuwa na mengi ya namna hiyo.

Waliondoka na Noah ya Castory, dereva wa kukodi ambaye njia ya Bahi aliijua hata akisinzia. Walipovuka majaruba, Edina akamwambia bintiye alichopanga. Alikisema kama mtu anayeeleza mboga iko wapi.

Lea alivua kofia yake mpya.

"Na wanangu niwaambie nini?"

"Watakuwa na bibi."

"Bibi gani, mama? Mimi nataka wewe."

"Na mimi nilimtaka wangu," Edina alisema. Lea akalia, akaitumia kofia mpya kujifuta. Castory alipunguza muziki, kisha akaona ni bora auzime.

Mpakani, askari wa Mahame alichungulia dirishani, akawaamkia kwa Kigogo, mbukwenyi, akahesabu vichwa vitatu na kulegeza kamba. Kivuli chake kilianguka upande wa magharibi ingawa jua lenyewe lilikuwa limeshaelekea huko huko. Wenyeji wote walikuwa hivyo. Malori yaliondoka asubuhi, na vivuli vyao vilibaki vya asubuhi ile. Hicho ndicho watalii walichokuja kukipiga picha jioni, vivuli vyao wenyewe vikilala kwenda huku na vya wenyeji vikilala kwenda kule. Palikuwa na watalii wengi, wenye heshima zao. Kila mmoja aliomba ruhusa kabla ya kupiga.

Wanaongoja lori la pili walikuwa wameketi juu ya mizigo yao kando ya alama za matairi, katika mstari uliopinda kufuata barabara. Edina aliupita mstari ule polepole, akiamkia. Ruthu alikuwa karibu na mkuyu, juu ya furushi la ngozi, ameshika kibuyu kidogo kwa mikono miwili. Alikuwa na ngozi laini na mikono minene ya mtu anayetwanga. Alipomwona mwanamke mwenye mvi anamjia, akasimama upesi.

"Shikamoo, mama," Ruthu alisema.

Edina hakuweza kuitikia. Maishani mwake alikuwa ameitikia marahaba kwa watu maelfu, lakini hiyo ilitoka kwa mama yake, akabaki ameshika shingo ya kitenge chake.

"Umechoka na njia. Keti hapa," Ruthu alisema na kumwachia furushi. "Ningekupa maji, nina uji tu. Ni wa mwanangu mdogo. Aliondoka hajaunywa."

"Anaitwa Edina."

"Unamfahamu?"

"Ni mimi."

Ruthu alimtazama vizuri. Alitazama sikio la kushoto, ambalo ng'ombe alilikanyaga Edina akiwa bado anatambaa, akaligusa kwa kidole. Kisha akampa kile kibuyu. Edina akanywa. Uji wa uwele ulikuwa wa moto bado, na sukari haukuwa nayo, kama alivyouzoea. Akaunywa wote, machozi yakimtoka bila aibu, na mama yake akamshikia kitako cha kibuyu mpaka mwisho.

Ndipo alipomweleza. Ipo nafasi moja ndani ya gari, na kitanda kimetandikwa. Yeye atakaa hapa juu ya furushi, Ruthu apande.

Ruthu alisikiliza mpaka mwisho, tena kwa makini.

"Hapana," alisema. "Kama wewe si mwanangu, basi wewe ni mzee, na mimi sijalelewa hivyo, nimwache mzee chini nipande gari. Na kama ni mwanangu, ndiyo kabisa. Nilishuka ili wewe uende."

"Mama, nimekwenda. Nimefika. Imetosha."

"Sasa ungenitaka niondoke nikikuacha wapi?" Ruthu aliuliza, na lilikuwa swali la kweli, si la kuudhi.

Ruthu akanyoosha kitenge cha bintiye begani. Halafu, kwa desturi tu, bila ubaya wowote, kama watu wanavyofanya popote penye nafasi chache, akageuka kuona kama pana mtu mdogo kuliko yeye anayeweza kusimama ampishe kiti. Macho yake yakamfikia Lea.

Lea alikuwa na miaka thelathini na minane. Alikuwa amesimama hatua chache kutoka kwao, amesikia kila neno. Aliinamia simu yake. Mahame hakuna mtandao, na simu ile haikuwa na kitu cha kusoma, lakini aliisoma. Edina alimwona. Akatamani kusema neno, kisha akaogopa ni neno gani lingemtoka.

"Basi, giza linaingia," Ruthu alisema. Akamshika Edina kiwiko, akamsindikiza hadi kwenye Noah, akamwinua mguu, akamwekea kitenge vizuri kisije kikabanwa na mlango. Alimshukuru Lea kwa kumleta mama. Lea alisema asante bibi, sauti yake ikiwa ndogo. Kisha Ruthu akarudi kwenye mstari, na mtalii mmoja akamwomba ruhusa ya kumpiga picha.

Castory aliendesha. Mpakani vikahesabiwa vichwa vitatu.

Priska alirudisha kuku bila kuuliza lolote, isipokuwa jogoo, ambaye walikuwa wameshamla. Edina alilala katika kitanda chake chenye mashuka ya pasi. Wajukuu walingoja siku kadhaa kumwamkia yule mgeni, wakasahau. Anifa ana wateja wa Mahame wengi kuliko wa Umra, na wanaorudi husifu vivuli. Kazini, Rukia alimwomba Lea amwonyeshe picha alizopiga, Lea akasema hakupiga.

Habari ya siku ile hawajaizungumza. Mara moja tu, wakiwa jikoni, Lea alisema, "Mama, nina watoto," na Edina akasema, "Najua, mwanangu," wakaendelea kumenya ndizi. Edina hamlaumu. Usiku humlaumu, asubuhi anaacha. Angejua mapema, angemkataza Lea kupanda gari lile la Bahi tangu mwanzo.

Ruthu atakuwa na miaka arobaini na mitano mwaka kesho na mwaka mwingine. Lea naye siku moja atamzidi umri, na hapo hata wakienda, macho ya bibi yake yatampita yakitafuta mdogo mwingine. Zamani Lea alikuwa akizing'oa mvi zake mbele ya kioo, moja moja, kwa kibanio. Siku hizi ameacha. Jumamosi huketi chini kati ya magoti ya mama yake asukwe, na Edina humgawa nywele kwa kitana taratibu, akifika kwenye mvi anaipaka mafuta, anaiacha ilipo.