Mikanda ya Shemeji

Mimi ni fundi viatu. Sijisifu, nasema tu kwamba kwa miaka ishirini na mbili hakuna kiatu changu kilichorudishwa kwa malalamiko. Ndiyo maana mdogo wa mke wangu aliponiletea ubao wake wa kuteleza majini, ule unaovutwa na tiara kubwa angani, nilianza kucheka kabla hajamaliza kusema shida yake.

"Shemeji, usinicheke. Maji yakichafuka, ubao unagongagonga na miguu inachomoka. Nimeshafeli mtihani wa ualimu wa mchezo huu mara mbili. Jumamosi ndiyo ya mwisho. Nikifeli tena, narudi dukani kwa baba kupima misumari."

"Misumari inakufaa. Una ulimi mkali kuliko yenyewe."

"Heri ulimi wangu kuliko kitambi chako."

Hivyo ndivyo tunavyopendana. Lakini lile duka nalijua: giza, kutu, na baba mkwe anakohoa nyuma ya mizani kutwa nzima. Sikumtakia.

Mikanda miwili ya kupitishia miguu ilikuwa imechoka, inacheza kama meno ya kikongwe. Nikaing'oa. Nikamkalisha shemeji kwenye kigoda, nikamchora nyayo kwa penseli, kavu, ametulia, kama ninavyompima kila mteja. Nikashona ngozi tabaka mbili kwa uzi wenye nta, nikaongeza kila mguu mkanda wa kisigino wenye bizimu ya kufungia. Alipovaa na kuinua mguu, ubao ukainuka naye.

"Hii haitoki," nikasema.

"Haitoki," akaitikia kwa sauti ndogo. Ningekuwa na akili, ningeisikiliza ile sauti.

Jumamosi upepo ulikuwa mkali na maji yamejaa mawimbi mafupi yasiyo na mpangilio. Mtahini alikuwa bwana mwembamba ambaye wanafunzi walimwita Filimbi, kwa sababu alipuliza zaidi ya alivyoongea. Sharti lake lilikuwa fupi: azunguke boya mara mbili. Kuanguka ruksa, mradi aupande tena ubao mwenyewe.

Alianza vizuri mno. Ubao uligonga mawimbi, miguu ikatulia tuli. Nikamgeukia mke wangu, kichwa kimevimba.

"Unaiona kazi?"

Papo hapo wimbi likampiga shemeji ubavuni, akaenda kichwa chini miguu juu. Tuliuona ubao ukipigapiga maji. Kichwa hatukukiona. Filimbi akapuliza, mashua ya uokoaji ikakimbia, ikamvua yeye na ubao kwa pamoja. Wakamlaza mchangani anatapika maji, mikanda bado imemng'ang'ania.

"Nani amemfunga hivi?" Filimbi akauliza.

Mke wangu akaninyooshea kidole. Miaka kumi na tano ya ndoa, sijawahi kuangaliwa vile.

Bizimu zilikuwa zimejaa mchanga, hazifunguki. Nikatoa kisu, nikapiga magoti, nikaikata kazi yangu mwenyewe mbele ya kadamnasi. Aibu niliiona, lakini siyo niliyokuwa naiwaza. Nilikuwa nimebakiza kidogo tu niue mtoto wa watu.

"Nimefeli?" shemeji akauliza.

"Upepo umebakiza saa moja," Filimbi akasema. "Mkirekebisha mikanda, utarudi majini."

"Nifundishe," nikamwambia shemeji. Neno hilo sikumbuki kumwambia mteja yeyote. Akasimama juu ya ubao, miguu imelowa, magoti ameyakunja, uzito ameuweka visiginoni.

"Kinachonishika ni magoti. Yanakunjika na kukunjuka kwa kila wimbi. Mkanda unasaidia tu. Ukae katikati ya mguu. Nikiinua vidole unabana, nikivilegeza natoka."

Nikatupa bizimu. Nikafumua, nikatoa sindano na uzi visivyonitoka mfukoni, nikashona upya, nikalegeza. Kila aliposema "bado kidogo" niliona kama navuliwa nguo hadharani. Mwishowe akachomoa mguu kwa urahisi, nami nikakunja uso.

"Hii ndiyo kazi mbovu kuliko zote nilizowahi kufanya."

"Basi ndiyo ninayoitaka, shemeji."

Mzunguko wa kwanza ukapita salama. Katika wa pili, mbele kidogo ya boya, wimbi likamkuta, akaanguka vilevile, kichwa chini. Mke wangu alinibana mkono hadi kucha zikaingia. Ubao ukaibuka upande mmoja, mtupu. Upande wa pili kikaibuka kichwa, kinatema maji na, nadhani, matusi.

"Imemtoka!" nikapiga kelele. "Jamani, imemtoka!"

Nikarukaruka pale mchangani, fundi mzima, machozi yananibubujika kwa furaha. Shemeji akauvuta ubao, akaingiza mguu mmoja, kisha wa pili, akainuka na kumalizia safari yake. Filimbi alipotangaza kwamba amepita, mimi sikusikia. Ilibidi mke wangu aniambie mara mbili, maana nilikuwa bado namtazama shemeji anavyopumua.