Mrehani wa Mama Uswidi

Hivi wewe umewahi kumwagilia udongo mtupu miezi mitatu, kila asubuhi, kwa kikombe cha chai, huku unauambia jamani amkeni? Mama alifanya hivyo mwaka jana huko Uswidi, kwenye kibaraza cha kaka Abdulmalik, ghorofa ya tatu, na mbegu zenyewe nilimtumia mimi, kutoka hapahapa Kariakoo, kaunta hiihii ya Hashimu, niliposimama sasa hivi na pakiti ya mrehani mkononi, jasho linanitiririka hadi kiunoni, na Hashimu bila aibu ananiambia, "Chukua dada, fresh kabisa, mzigo umetoka bandarini juzi," fresh, fresh ya wapi, mkokoteni unapita nyuma yangu, mtu anapiga kelele "mguu, angalia mguu!", najibana kwenye magunia ya mbolea, na kidole gumba kinapapasa nyuma ya pakiti kinakutana na ileile, stika, tarehe mpya imebandikwa juu ya tarehe nyingine, naikwangua kwa ukucha, ya chini imeisha miaka mitatu iliyopita, na mimi nina digrii ya kilimo cha bustani, with honours, miaka minne nafundishwa kutofautisha mbegu hai na maiti, na sijawahi kulipwa hata siku moja kwa ujuzi huo... "Hashimu, mbona hapa pana tarehe mbili?" "Mbili si bora kuliko kukosa kabisa?" anacheka, na mzee mmoja aliyekuja kununua dawa ya panya anacheka naye, "Mbegu si maziwa, dada, haichachi, nyie mkishavaa joho mnataka hata mchicha uwe na cheti," chekeni, chekeni tu, mwaka jana orodha ya mama ilikuwa ndefu, mchicha, mnafu, bamia, pilipili mbuzi, na mrehani mwishoni, alitaka kula, alisema kwenye simu, Ummy mwanangu, mboga za huku maji matupu, Abdul akaenda duka la bustani la kwao akamletea basil, mrehani wa kizungu, ya kwenye kopo, mama akainusa akasema hii inanuka pizza, tulicheka hadi simu ikakatika, basi mbegu zangu zikafika, na joto la huko ni miezi mitatu halafu kwisha habari, mwezi wa kwanza mama akasema zimelala, wa pili akasema labda mkono wangu umezeeka, yaani aliulaumu mkono wake, my God, mkono ule, wa tatu Abdul akamwaga udongo... na mwaka huu orodha ina kitu kimoja tu, mrehani, nikaona sawa, mama hali tena chakula, ini limeshaharibika, madaktari wameacha kuzungumza habari za kupona, atakuwa anataka harufu tu, harufu ya mlangoni kwetu Buguruni... ila shangazi Sitara nilipomwambia jana aliuliza, "Mrehani peke yake?" akajifuta macho kwa mtandio, nami nikaona anakuza mambo... subiri... alipokufa baba ni shangazi huyohuyo aliyekuja amekumbatia matawi ya mrehani, mama akakaa chini anayachambua, jani moja moja, yakaingia kwenye sanda, yakaenda na baba kaburini... mama haombi bustani. Mama anaotesha mazishi yake, mwenyewe, kwenye kopo, ili watoto tusihangaike kumtafutia jani katika nchi isiyolijua, na mimi hapa nabishania tarehe kama niko maabara, tena mimi, mimi niliyeipapasa stika mwaka jana, ndiyo, niliipapasa hivihivi nikajua, mbegu kumi kwenye kitambaa kibichi, siku saba, ningepata jibu, germination test, mtoto wa darasa la nne anaiweza, sikuifanya, nilikuwa nawahi usaili wa maafisa kilimo, watu elfu tatu uwanjani, nafasi kumi na mbili, nikasema aah, zitaota tu, so Hashimu alidanganya na mimi nikabeba uongo wake nikampelekea mama yangu, akajilaumu yeye, na leo hizo siku saba sina tena, jirani yetu Agnesi anayempelekea mzigo anaondoka leo kwenda Uswidi saa tisa alasiri, mirehani niliyoiona Buguruni bado michanga, haijatoa mbegu, huku Mchafukoge nilikopanga ni maghorofa na maua ya plastiki, na mwaka ujao mama... sisemi... "Dada, unachukua au huchukui? Watu wanasubiri," pakiti bado iko mkononi, nyepesi, nikiitikisa inalia kama mchanga, na Hashimu hayuko peke yake katika uongo huu, kuna aliyemuuzia, kuna aliyechapa hizi stika roli nzima, kuna mkaguzi anayepita hapa kila mwezi na kuondoka na soda ya bure, basi nyie wote, njooni, samahani yenu siitaki wala risiti, chaneni pakiti hii mbele yangu, mbegu zimwageni kiganjani mwangu, na mmoja wenu, mmoja tu, ataje jina lake aniambie usoni: ziko hai hizi, au mmeshaamua mama yangu azikwe bila jani?